Mzee Hukwe Zawose na Ahali Yake

Katika watu wote waliopata kutoka bara wakateremkia Bagamoyo kwa ile njia kongwe ya misafara, ambayo wapagazi walikuja nayo wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na wenye mali wakarudi nayo wakiwa na nguo na shanga za kulipia hongo, sidhani kama yuko aliyechukua shehena ya ajabu kuliko ile ya Mzee Hukwe Ubi Zawose, Mgogo wa Nzali, aliyekuja pwani na sanduku la mti lenye ndimi za chuma, na zeze la kibuyu, na koo lake, na nyuma yake wakafuata, kidogo kidogo, jamaa na watoto na wajukuu, hata ikawa katika mji ule wa wavuvi na magofu kuna ua mmoja ambamo nyimbo za Kigogo zimekaa maskani kana kwamba ndiko zilikozaliwa.

Mzee huyo alifariki dunia tarehe 30 Desemba 2003, umri wake ukikisiwa kuwa miaka 65 hivi; na nasema ukikisiwa kwa sababu watu wa hirimu yake huko Ugogo walizaliwa katika zama ambazo mwaka wa mtu ulikumbukwa kwa mvua au kwa njaa, wala haukuandikwa daftarini. Tangu siku hiyo, kila atajwapo, hupambwa kwa majina makubwa: bingwa wa zeze, mfalme wa marimba, balozi wa utamaduni wetu. Sifa hizo ni haki yake na sina nia ya kumpunguzia hata moja. Lakini kila nizisikilizapo santuri zake huona kwamba sifa hizo zimemkalisha mahali ambapo mwenyewe hakupata kukaa kwa hiari, yaani peke yake. Muziki aliourithi hauna kiti cha mtu mmoja. Hudai sauti ya pili, na ya tatu, na watu wa kuitikia, na kwa kuwa Bagamoyo ni mbali na Nzali, wapokezi hao aliwapata zaidi kwa kuwazaa, kuwalea na kuwafundisha. Wengine huacha nyumba ili wawe wanamuziki. Yeye alifanya nyumba yake kuwa chombo cha muziki, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo la kukumbukwa kwanza habari zake zinapoandikwa.

Nzali iko katika mkoa wa Dodoma, upande wa Chamwino, kwenye uwanda mkavu ambao masika yake huja mara moja kwa mwaka, yakija. Apitaye huko kwa gari, ikiwa haja yake ni kufika mahali pengine, hudhani nchi ile ni tupu: mibuyu, miiba, vumbi jekundu, na hapo kale zile nyumba za tembe zenye paa la udongo lililo tambarare, ambazo sasa zinazidi kuadimika mbele ya mabati. Misafara ya karne ya kumi na tisa iliiogopa nchi hiyo kwa kiu yake na kwa watemi wake, ambao hawakumruhusu mtu kunywa maji ya visima vyao mpaka awe amelipa. Wagogo ni wafugaji, tena ni wakulima wa uwele na mtama, na kwa mtoto wa kiume malisho ndiyo yaliyokuwa chuo chake cha awali: huko alijifunza ng'ombe, na huko, katika saa ndefu za mchana ambazo hazina kazi ila kutazama, alijifunza filimbi na zeze na kuimba kwa kujibizana na mwenzake aliye upande wa pili wa bonde. Baba yake Hukwe alikuwa mfugaji na mwanamuziki kwa pamoja, na kwake yeye kijana alipata somo lake la mwanzo, kwa njia ambayo Wagogo hufundishana mambo haya, yaani kwa kukaa karibu, kusikia, na kukosea mbele ya mtu asiyekuaibisha.

Katika miaka hiyohiyo ya utoto wake serikali ya Kiingereza ilianza, mwaka 1947, ule mradi wake mashuhuri wa karanga huko Kongwa, si mbali sana na kwao, ikaleta matrekta na fedha zisizo kifani, na kufika mwaka 1951 mradi ukawa umeachwa, kwa sababu ya ukame na ugumu wa udongo ambao mzee yeyote wa Kigogo angaliwaeleza bila malipo kama wangalimuuliza. Mgeni mwingine, Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alipita Tanganyika mwaka 1950 akiwa na mitambo yake ya kunasia sauti, akanasa na za Wagogo. Huyu alikuja kusikiliza, na kwa hiyo aliondoka na kitu. Mwenye kuzisikia kanda hizo leo atatambua papo hapo kwamba alichokuja kukisimamisha Mzee Hukwe majukwaani Ulaya miaka mingi baadaye hakikuwa kioja alichokibuni mwenyewe. Kilikuwa ndicho kilichosikika utotoni mwake, kikatoka katika vinywa vya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Hapa sina budi kutua kidogo nieleze jinsi muziki huo ulivyosukwa, kwani asiyeifahamu kanuni yake atabaki kusifu manyoya ya kichwani na njuga za miguuni, kama wengi walivyofanya. Uzi ukikazwa ukagongwa, sikio hudhani limesikia sauti moja. Kumbe ndani yake mna sauti nyingine zilizopangwa juu ya ile ya kwanza kwa vidato vyake vya asili, ambavyo hakuna binadamu aliyevibuni, na ambavyo mpiga baragumu huvipata vyote katika bomba moja pasipo kutoboa tundu. Vidato vya Wagogo vimechukuliwa humo, kuanzia cha nne kupanda hadi cha tisa, kama alivyoeleza Gerhard Kubik wa Austria, aliyeuchunguza muziki wao kwa makini. Na miongoni mwavyo kimo cha saba, ambacho piano haina. Ukikitafuta katika piano utapata kilicho jirani nacho, lakini cha Kigogo kiko chini yake kwa takriban theluthi ya hatua ndogo kabisa ambayo piano inaijua. Tofauti hiyo ni ndogo, nayo ndiyo humfanya mgeni wa muziki huu ahisi kwamba anasikia kitu kitamu ambacho hakikukaa sawasawa, na humfanya mwalimu wa kwaya aliyesomea kinanda aseme kwamba Wagogo wanaimba nje ya sauti. Wako ndani ya sauti kuliko yeye. Ni kinanda kilichotoka nje, kwa mapatano ya mafundi wa Ulaya, na mapatano hayo hayakufika Nzali.

Na waimbapo pamoja, sauti ya pili haisimami juu ya kidato kilicho jirani na cha sauti ya kwanza: hukiruka kimoja ikashika kinachofuata, na ya tatu hufanya vivyo hivyo juu ya ya pili, kwa hiyo sauti zote husafiri sambamba bila kugongana, wala hapana aliyekaa akaziandika. Nyimbo za nindo na za msunyunho hujengwa hivyo, na mwenye kuanzisha wimbo hutegemea kabisa kwamba nyuma yake wapo wanaojua mahali pao. Mgogo akiimba nindo peke yake wimbo huwa ni wa kweli, lakini una uchi fulani, na nadhani ni uchi huo ambao Mzee Hukwe hakuweza kuuvumilia.

Ala aliyoipenda kuliko zote ni ilimba, ambayo kwa Kiswahili tunaiita marimba kwa jumla, tukiichanganya na nyingine zisizofanana nayo. Ni sanduku la mti, limewekwa juu yake ndimi za chuma zilizofuliwa na kupangwa kwa urefu, mpigaji akalipakata na kuzibonyeza ndimi kwa vidole gumba. Katika uso wa sanduku pana tundu, na tundu hilo hufunikwa kwa utando mweupe wa buibui, ule unaohifadhi mayai yake, ili kila mlio utokao uwe na mvumo juu yake, kama wa nyuki walio mbali. Na kwenye ndimi zenyewe hutiwa vikuku vidogo vya chuma vinavyotetema. Ilimba za malishoni zilikuwa ndogo. Mzee Hukwe alizikuza, akaongeza ndimi hata zikapita sitini, kadhalika akatengeneza mazeze yenye nyuzi nyingi kuliko yale aliyoyakuta kwa wazee wake. Atazamaye kwa juu atadhani ndimi zote hizo ni za kuchezwa, na atastaajabu ni vidole gani viwezavyo kuzifikia. Ukweli ni kwamba nyingi kati yake haziguswi kabisa. Zimewekwa baina ya zile zinazochezwa, zikapatanishwa nazo kwa sauti, ili jirani yake akiguswa nazo zitetemeke kwa kuitika, bila kuambiwa. Fundi aliyelibuni jambo hilo zamani za kale hatumjui, lakini alilijua jambo fulani kuhusu namna watu wa nyumba moja wanavyosikilizana.

Mwezi wa Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na katika miaka iliyofuata kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, ambacho kilikusanya mafundi wa makabila mengi chini ya dari moja huko Dar es Salaam. Husimuliwa kwamba Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesikia sifa za kijana wa Nzali akamwita. Kazi hiyo ilikuwa na heri yake na shari yake. Heri ni kwamba serikali changa ilisema waziwazi kuwa mambo ambayo wakoloni na baadhi ya wamisheni waliyaita ya kishenzi ni fahari ya nchi, na wenye kuyajua wakalipwa mshahara kama makarani. Shari ni kwamba ngoma ya mavuno iliondolewa katika mavuno, ya jando ikaondolewa katika jando, ikakatwa ikawa ya dakika chache, na kuchezwa mbele ya mgeni rasmi aliyeketi kivulini. Wengi katika kazi ya namna hiyo huchakaa. Mchezaji hujua kwamba anachokifanya ni kivuli cha kitu, na baada ya miaka kivuli humtosha. Sababu ya Mzee Zawose kutochakaa naiona katika lile nililokwisha kulitaja: jukwaani alikuwa mtumishi wa taifa, lakini akirudi nyumbani aliukuta muziki mzima, katika ukubwa wake, pamoja na watoto waliokuwa wakiucheza bila mgeni rasmi.

Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, kile ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, na Mzee Hukwe akawa miongoni mwa walimu wake. Huko vijana wa Kisukuma, wa Kimakonde, wa Kihaya na wa Unguja walijifunza zeze la Kigogo kwa mtu ambaye mwenyewe alisomea chini ya mbuyu, na wageni kutoka nchi za mbali walikuja wakaketi naye kwenye mkeka. Picha zilizobaki zinaonyesha uso ambao ni vigumu kuutazama bila kutabasamu: mdomo umefunguka kwa kicheko, macho yamefinywa, na ala imeegemezwa tumboni kama mtoto anayebembelezwa. Ukarimu wake wa kufundisha si jambo dogo katika fani ambayo mafundi wengi huifanya siri. Waganga wanazo siri zao, wahunzi wanazo zao, na katika pwani yetu pia tumeona watunzi waliokufa na daftari zao chini ya mito. Yeye aligawa. Na ijapokuwa hatuwezi kuuingia moyo wa mtu, nadhani aligawa kwa sababu alijua kwa hakika, kwa kanuni ya vidato niliyoieleza hapo juu, kwamba sauti asiyoigawa haitakuwa na mwenza wa kuipokea.

Ahali yake ilikua na kuwa kubwa. Watoto wake na watoto wa ndugu zake walilelewa katika mlio huo, nao hawakuulizwa kama wanataka kuwa wanamuziki, kama vile mtoto wa mvuvi asivyoulizwa kama anataka kujua kuogelea. Hilo lina uzito wake, na sitaki kulifanya kuwa asali tupu. Katika nyumba ya namna hiyo lazima wamo waliotamani kitu kingine, na baba anayependa watoto wake kwa njia ya kazi yake huwapenda na kuwatumikisha kwa wakati mmoja. Lakini matokeo yanasikika. Katika albamu iitwayo Chibite, iliyotolewa na kampuni ya Real World mwaka 1996, mwenye sikio atasikia jinsi sauti ya mzee inavyotua na sauti nyingine ikapanda, pasipo ishara wala nafasi iliyo tupu kati yake. Na mapatano ya aina hiyo hayapatikani kwa mazoezi ya wiki mbili kabla ya safari. Hupatikana kwa kula sahani moja miaka mingi. Mmoja wao, Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake, alikuwa kwake kama kivuli cha adhuhuri, hakuachana naye. Na katika ala na uimbaji alikuwa karibu kumfikia, hata katika baadhi ya nyimbo huwezi kuapa ni yupi unayemsikia.

Sauti yake mwenyewe sijui niieleze vipi nisije nikatia chumvi. Iliweza kushuka chini mpaka ikawa mvumo wa kifuani, kisha ikaruka juu, bila kupita katikati, ikawa nyembamba kama ya mwanamke kijana. Nayo haikujitahidi, kwani ni desturi ya Wagogo kuivunja sauti hivyo, ila kwake desturi hiyo ilifika mwisho wa upeo wake. Alikuwa na namna ya kuimba neno moja la Kigogo akilikokota mpaka likasahau maana yake, halafu akalirudisha ghafla, na watu wakacheka.

Kuanzia miaka ya 1980 dunia ya nje ilimjua. Alishiriki matamasha ya WOMAD, yale ambayo mwanamuziki Peter Gabriel ni mmoja wa waasisi wake, na santuri zake za mwanzo zilizotolewa Uingereza, Tanzania Yetu na Mateso, zilipokewa na wakosoaji wa huko kwa mshangao wa watu waliodhani wameshaijua Afrika ya Mashariki kwa kuwa wameshaisikia gita ya dansi. Mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook wa Kanada, mpiga gita na fundi wa studio, na mwaka huohuo Gabriel alipozunguka Amerika Kaskazini na onyesho lake, Mzee Hukwe na Charles ndio waliomtangulia mbele ya maelfu ya watu waliokuja kusikia kitu kingine. Nasikia fahari niwafikiriapo Wagogo wawili na ilimba zao katika ukumbi wa michezo ya barafu, mbele ya umati ambao haukuwa umenunua tikiti kwa ajili yao. Kuhusu Assembly nina shaka. Brook ni fundi wa kweli na hakumharibia mzee jambo lolote. Lakini mahali pa wapokezi amewasha mitambo, na mitambo hupokea kwa usahihi mno. Hukusikii pale hata mara moja kule kuchelewa kidogo ambako mtoto mdogo katika kwaya huchelewa, na mkubwa akamgojea.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kwa Mzee Zawose methali hii haikutimia sawasawa. Serikali ilimpa kazi, ndiyo, na chuo kikampa heshima ya mwalimu, lakini masikio ya watu wa mijini yalikuwa kwingine: Dar es Salaam ilikuwa ya dansi, Zanzibar na Tanga za taarabu, na kufika miaka ya 1990 vijana walikuwa wameshaanza ile Bongo Fleva yao. Nyimbo za Kigogo zilipata nafasi redioni katika vipindi vya utamaduni, zikatangulia au zikafuata taarifa ya habari, zikasikilizwa kwa nusu ya sikio. Si kosa la watu, kwani mtu husikiliza kile ambacho ameandaliwa kukisikia, na sisi wa pwani hasa, tuliozoea udi na fidla, tulikuwa na kiburi chetu cha kuona mambo ya bara ni ngoma tu. Ilikuwa ni lazima mtu atoke Dodoma aje akae miongoni mwetu, ajenge, azae, azeeke, afe, kabla baadhi yetu hatujagundua kwamba zeze lake lilikuwa na elimu ndani yake ambayo fidla zetu, zilizokazwa kwa vidato vya Kairo, hazikuwa nayo.

Alifariki, kama nilivyosema, siku moja kabla mwaka 2003 haujaisha, na mwaka uliofuata Charles naye akamfuata. Kwa hesabu ya kawaida, misiba miwili ya namna hiyo ingetosha kuizima nyumba yoyote ya muziki, na zimezimika nyingi kwa chini ya hapo. Hii haikuzimika. Msafiri Zawose, mwanawe, aliichukua ilimba akaiweka kando ya ngoma za umeme na mitambo ya kisasa, na mwaka 2017 akatoa albamu yake ya Uhamiaji kupitia kampuni ya Soundway ya London, kazi ambayo wako wazee watakaoiona imekwenda mbali mno, nami si mmoja wao, kwa sababu vidato vyake ni vilevile, na kidato cha saba kimo mahali pake.

Jambo lililonishangaza zaidi ni lile la wanawake. Katika mila za Wagogo mwanamke ni mpigaji ngoma wa haja. Ngoma za muheme hupigwa na wanawake, wakiwa wamezibana baina ya mapaja, na anayedhani ngoma Afrika ni za wanaume na apelekwe Dodoma akaone. Lakini ilimba na zeze zilikuwa mikononi mwa wanaume, na katika kundi la Mzee Hukwe, pamoja na hisani yake yote, wanawake walikaa nyuma, wakaitikia, wakacheza na kupiga ngoma. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, chini ya jina la The Zawose Queens, walitoa kwa Real World albamu iitwayo Maisha, ambayo ndani yake wao ndio wanaotunga, wao ndio wanaoanzisha wimbo, na wao ndio wenye ala. Mtu asiione hiyo kuwa ni mapinduzi dhidi ya mzee wao, wala asiipake rangi ya kwamba mzee ndiye aliyeipanga. Wamefanya wenyewe. Walikuwa wamekaa katika safu ya pili miaka mingi, na aliyekaa safu ya pili katika kwaya ya Kigogo anaujua wimbo wote, kwa kuwa kazi yake ni kumsikiliza wa kwanza bila kukoma. Ukiisikiliza Maisha baada ya Chibite utasikia sauti nyembamba zilizozoea kukaa mbali na kipaza sauti zikija mbele, zikiwa na uhakika wa mtu aliyengoja kwa sababu alikuwa na la kusema.

Na huko walikotoka, katika Chamwino, tangu 2009 limekuwa likifanyika tamasha la muziki wa Cigogo, yaani Kigogo, ambalo vikundi vya vijiji huliendea kwa malori na kwa miguu, wazee kwa watoto, wakacheza mchana kutwa katika vumbi. Vijiji hivyo havikumhitaji Mzee Zawose ili viimbe, maana vilikuwa vikiimba kabla yake na wakati wake; yeye ni kijito kimoja kilichotoka huko kikakata njia hadi baharini. Lakini sidhani kama ni bahati tupu kwamba watu wa mjini sasa wanapanda basi kwenda Dodoma kusikiliza, ilhali zamani walipanda basi kuipita.

Kwa msomaji ambaye hajapata kumsikia na angependa kuanza mwishoni mwa wiki hii, rai yangu ni aanze na Chibite, aiache Assembly kwa siku nyingine, na Maisha aisikilize ya mwisho. Asitumie kipaza sauti cha simu, kwani simu hula ule mvumo wa utando wa buibui ikaacha vyuma vitupu. Atafute spika yenye kiasi, asiongeze besi, na mtu akiingia chumbani akamwambia kwamba spika imepasuka, amjibu kwamba haijapasuka, amkaribishe aketi.